Binti yangu anasema yeye ni Mwingereza, na mimi bado sielewi wanachoniambia kazini

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni mama wa watoto wawili, mwenyeji wa Korogwe, sasa niko Derby, England, mwaka wa sita huu. Nafanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee. Kiingereza nilisoma, na mtihani wa lugha wa viza nilifaulu vizuri, lakini kila siku naona kama kuna lugha nyingine chini ya ile niliyosoma. Mwenzangu alinialika ‘tea’ saa kumi na moja jioni. Nikala nyumbani nikashiba, nikaenda kunywa chai, nikakuta viazi, nyama na familia nzima imekaa mezani inanisubiri. Wazee wananiita ‘duck’, yaani bata, na sijui kama ni dharau. Mwezi uliopita meneja aliniambia ‘you might want to have a look at the fluid charts before you go’, yaani huenda ukapenda kutazama chati za vinywaji kabla hujaondoka. Nikaelewa ni hiari yangu, nikaondoka, kesho yake nikapewa barua ya onyo. Sasa binti yangu wa miaka tisa, aliyekuja hapa akiwa na miaka mitatu, amerudi shuleni analia: alisema yeye ni ‘English’, mwenzake akamwambia hawezi kuwa, labda ‘British’. Baba yake naye kakasirika kwa sababu yake mwenyewe, anasema mtoto anasahau kwao. Je, nijifunze maneno na mila zao zote? Nibadilishe lafudhi? Na huyu binti yangu ni nani?"

Marahaba mwanangu. Nianze na lile ambalo hukulitamka ila nimelisoma kati ya mistari: unahisi umefeli mtihani ambao hakuna aliyekuambia kwamba unafanyika. Hukufeli. Kiingereza cha kusoma na kuandika unacho. Kinachokusumbua ni alama: maneno madogo, saa za kula, namna ya kuomba na ya kukataa, vitu ambavyo watu waliokulia pamoja huvitumia kutambuana bila wao wenyewe kujua kwamba wanavitumia. Alama hizo hazikuwekwa kukutega wewe. Zilikuwapo kabla hujafika, na kwa sehemu kubwa kazi yake ni kuwatenga Waingereza wao kwa wao.

Hapo ndipo wengi wetu tunapokosea. Sisi tukisema Uingereza tunameza nchi nne kwa mkupuo mmoja: England, Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini. Mwite Mskoti Mwingereza uone atakavyokunja uso. Na hata ndani ya England hakuna orodha moja ya mila ambayo mtu akiikariri anafunguliwa mlango. Karibu kila ulichokitaja ni alama ya mkoa au ya tabaka kabla ya kuwa alama ya taifa.

Tuchukue hiyo ‘tea’ iliyokuaibisha. Zamani mlo mkubwa wa siku England uliliwa mchana na uliitwa ‘dinner’. Katika karne ya 18 na ya 19 wenye nacho waliusogeza mbele kidogo kidogo, ukawa wa alasiri, ukawa wa jioni, mwisho ukawa wa usiku, kwa kuwa walikuwa na mishumaa ya kuwasha, watumishi wa kupika na hakuna aliyewaamsha alfajiri. Jina likaufuata mlo. Mchana pakabaki pengo, ‘lunch’ ikaingia kuliziba. Wafanyakazi wa viwandani na migodini hawakuhama: ‘dinner’ yao iliendelea kuwa ya mchana, na jioni wakitoka kazini walikuta chakula cha moto mezani pamoja na birika la chai. Mlo huo ndio ‘tea’. Kwa hiyo mwenzako wa Derby akikualika ‘tea’ anakualika kula. Mwanasheria wa kule Surrey, kusini, akikualika ‘tea’ saa kumi atakupa kikombe na kipande cha keki, na ukienda na njaa utarudi nayo. Ipo na ‘supper’: kwa wakubwa ni chakula cha kawaida cha jioni kisicho na wageni rasmi, kwa mzee unayemhudumia huenda ni biskuti na maziwa kabla ya kulala. Hata shuleni kwa binti yako wanawake wanaogawa chakula cha mchana huitwa ‘dinner ladies’, na huitwa hivyo hata kusini ambako wazazi karibu wote huita mlo huo ‘lunch’. Na ule ‘high tea’ unaouzwa kwa bei ya kuruka kwenye hoteli za Nairobi na Zanzibar, pamoja na vijisandwichi vya tango, umebeba jina la wenyewe: asili yake ni chakula cha jioni cha mtu aliyetoka kazini na njaa, nyama ikiwemo.

Siku nyingine ukialikwa, uliza ‘Shall I bring anything?’, yaani nije na kitu chochote? Jibu utakalopewa litakuonyesha kama kuna sahani au kuna kikombe tu. Wala usijione mjinga kwa hilo, maana watu wa London wanaohamia kaskazini huumbuka vivyo hivyo.

Kinywaji chenyewe, hicho kinachotajwa kila mahali kama ndio Uingereza wenyewe, ni mgeni wa juzi. Majani yalitoka China. Catherine wa Braganza, binti wa mfalme wa Ureno aliyeolewa na mfalme Charles II mwaka 1662, alisaidia kuyafanya fasheni ikulu. Chai ikabaki ghali, na nyingi ikipita kwa magendo, hadi mwaka 1784 bunge lilipopunguza ushuru wake kutoka asilimia 119 hadi asilimia 12.5, hapo ndipo mtu wa kawaida alipoanza kuinywa bila kujificha. Leo pakiti nyingi zinazouzwa kwenye maduka ya Derby zina majani ya Kenya ndani yake, na wewe umetoka chini ya milima ya Usambara inakolimwa chai. Sikutajii haya ili uwazodoe. Kitu hakihitaji kuwa kimezaliwa mahali ili kiwe alama ya mahali. Kinahitaji kurudiwa kila siku na watu wengi kwa pamoja. Jambo hili tutalihitaji tukifika kwa binti yako.

‘Duck’ si tusi. Ni neno la upole la Derby, Nottingham, Stoke na jirani zake, na haliangalii jinsia: mwanamume humwita hivyo mwanamume mwenzake, muuza duka humwita hivyo mteja asiyemjua. Ukienda Newcastle utaitwa ‘pet’, Yorkshire ‘love’, na Bristol unaweza kumsikia mzee wa heshima zake akikuita ‘my lover’ na hana nia yoyote mbaya. Skonzi pale kwako ni ‘cob’, Manchester ni ‘barm’, Coventry ambako si mbali ni ‘batch’, na watu wazima wenye akili timamu hubishania hilo kwa hamasa ambayo sijawaona wakiipeleka kwenye uchaguzi. Kwenye kile kikeki kiitwacho ‘scone’, Devon hupaka krimu kwanza halafu jemu, Cornwall jemu kwanza halafu krimu. Mzee akikuita ‘duck’, pokea kwa tabasamu. Wewe kumwita yeye hivyo, ngoja kidogo: huduma nzuri kwa wazee inataka mkazi aitwe kwa jina alilolichagua mwenyewe, na wapo wastaafu wanaopenda kuitwa ‘Mr’ na jina la ukoo hadi siku ya mwisho.

Sasa tabaka, ambalo Waingereza hulisikia kabla hujamaliza sentensi. Mwaka 1954 mwanaisimu Alan Ross wa Chuo Kikuu cha Birmingham alichapisha katika jarida la kitaaluma la Finland makala akidai kwamba tabaka la juu la England halitofautiki tena na wengine kwa fedha wala kwa elimu, linatofautika kwa usemi. Nancy Mitford, mwandishi na mwenyewe binti wa lodi, akalichukua jambo hilo mwaka 1955 akalimwaga mbele ya wasomaji wa kawaida, na nchi ikaanza kujikagua mdomoni. Kitambaa cha mezani wakubwa walikiita ‘napkin’, waliotaka kufanana nao walisema ‘serviette’. Wakubwa ‘lavatory’, wenzao ‘toilet’. Usiposikia vizuri, wakubwa ‘what?’, wenzao ‘pardon?’. Angalia hapo: neno linaloonekana la adabu zaidi ndilo lililomweka mtu nje. Aliye ndani hakuwa na haja ya kujipamba, na aliyejipamba akaumbuliwa na pambo lake. Sisi nasi tulifundishwa shuleni kusema ‘pardon’, na ole wako ungemjibu mwalimu ‘what’.

Sikusimulii hayo ili kesho ukamjibu meneja ‘what?’. Mengi ya maneno hayo yamepoa sasa. Nataka uione kanuni: alama za namna hii hazivaliki kwa kukazana, na anayekazana ndiye anayeonekana. Ndiyo sababu nakwambia wazi kwamba kuigiza hakutakusaidia. Kuelewa kutakusaidia, na hivyo ni vitu viwili mbalimbali.

Turudi kwa meneja, maana hapo pana barua, na barua ina uzito. Adabu ya Kiingereza cha England, hasa cha ofisini, imejengwa juu ya hofu moja kubwa: kuonekana unamwingilia mtu. Kwa hiyo anayetoa amri huifunika hadi inafanana na pendekezo. Kiswahili nacho kinalainisha, lakini kinalainisha pembeni. Mkubwa wako wa Korogwe angesema "Mama fulani, naomba uangalie zile chati kabla hujaondoka". Upole uko kwenye "mama" na kwenye "naomba". Kitenzi kiko palepale na kila mtu anajua ni agizo. Kwenye Kiingereza cha meneja wako upole umekimeza kitenzi chenyewe. ‘You might want to’, ‘it would be helpful if’, ‘could I just ask you to’, zote zikitoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo ni amri. ‘When you get a minute’ maana yake ni leo, tena mapema. ‘I’ll bear it in mind’ mara nyingi ni hapana. ‘Not bad’ inaweza kuwa sifa kubwa. ‘Quite good’ sikiliza mkazo: ukiangukia kwenye ‘quite’, hajaridhika. Na ‘we must have you round some time’ si mwaliko hadi itajwe siku.

Usidhani ni wewe tu. Kipo kisa kinachosimuliwa sana cha vita vya Korea, Aprili 1951, kwenye mto Imjin. Kikosi cha Gloucestershire kilikuwa kimezingirwa na Wachina waliowazidi mara nyingi kwa idadi. Jenerali wa Kimarekani akauliza hali ikoje, na Brigedia Tom Brodie wa jeshi la Uingereza akajibu kwamba mambo yalikuwa ‘a bit sticky’, kama kusema pamekuwa pagumu kidogo. Kwa Mwingereza huo ulikuwa ukunga wa kuomba msaada. Mmarekani alisikia kwamba ni pagumu kidogo tu, msaada haukufika kwa wakati, na wengi wa askari wale waliuawa au walitekwa. Mmarekani yule Kiingereza kilikuwa lugha ya mama yake.

Kipimo ninachowapa wanafunzi wangu ni kuacha maneno na kutazama mambo mawili: nani amesema, na nisipofanya nani ataumia. Chati ulizoambiwa zinaonyesha mzee amekunywa kiasi gani kwa siku, na mzee asiyekunywa vya kutosha anaugua haraka. Jambo kama hilo halingeweza kuwa hiari hata lingesemwa kwa maneno laini kiasi gani. Lakini nawe una haki yako. Kiongozi wa zamu anayeagiza jambo la usalama anapaswa kuliagiza kwa namna ambayo kila mfanyakazi wake ataelewa, na kwenye nyumba za wazee za England wafanyakazi waliotoka nje ni wengi, hakuna asiyelijua hilo. Tangu sasa, ukiambiwa sentensi yenye ‘might’ au ‘could’, irudishe ikiwa imenyooka: ‘So you’d like me to check them before I leave?’, yaani unataka nizikague kabla sijaondoka? Hakuna Mwingereza atakayeona umekosa adabu. Wengi watashukuru kimoyomoyo kwamba wewe umesema lile walilolizunguka.

‘You alright?’ ya asubuhi si swali la daktari. Iko kama "Habari?" yetu, ambayo mtu hujibu "Nzuri" hata akiwa njiani kwenda kwenye matanga, ndipo aongeze "ila mama kalazwa". Tofauti ni kwamba sisi ile "ila" inaruhusiwa hapohapo mlangoni. Wao huisubiri hadi mmekaa na vikombe. Jibu ‘Yeah, you?’ uendelee na safari. ‘Sorry’ watakuambia hata wewe ndiye uliyewakanyaga. Kuhusu foleni sina haja ya kukufundisha, umeshaiona. Wengi huihusisha na miaka ya vita na mgao wa chakula, ambao uliendelea hadi 1954. Septemba 2022, jeneza la Malkia Elizabeth II lilipowekwa Westminster, watu walipanga mstari kando ya mto Thames, na wapo waliosimama hadi saa 24 kwa hiari yao. Kuruka foleni ni kosa moja ambalo England yote, juu na chini, kaskazini na kusini, haikusamehe.

Lafudhi. Jibu fupi ni usiibadilishe, irekebishe mahali pamoja tu. Mtu mzima kubadilisha lafudhi yote ni kazi ngumu mno, na anayejaribu mara nyingi huishia na kitu kisicho cha huku wala cha kule. Halafu ubadilishe iwe ipi? Ile ya redioni haizungumzwi na wenzako wa Derby. Chukua ‘bath’ na ‘grass’: mtu wa London huvuta irabu ndefu ya nyuma ya koo, mtu wa Derby huikata fupi, na irabu yake fupi iko karibu zaidi na "a" yetu. Hapo wewe wa Korogwe unasikika mwenyeji kuliko mgeni aliyetoka kusini. Kwenye ‘cup’ na ‘bus’ wao hutoa sauti ya kuelekea "u" yetu, sisi tumezoea "a", iache, wanakuelewa.

Panapostahili jasho lako ni mkazo. Kiswahili hutamka kila silabi kwa uzito unaokaribiana, na mkazo hukaa silabi ya pili kutoka mwisho bila kutanga. Kiingereza huitamka silabi moja kwa nguvu na nyingine huzimeza, na msikilizaji, hasa mzee ambaye masikio yamechoka, hushikilia ile ya nguvu. Ukikosea mkazo wa ‘medication’ au ‘appointment’, neno zima linampotea hata kama kila herufi umeitamka. Mwombe mwenzako akusomee maneno thelathini hivi ya kazini, yarekodi kwenye simu, uyafuatishe ukiwa njiani kwenye basi. Na kama una mpango wa kuomba uraia, jua kwamba mtihani wa ‘Life in the UK’ una maswali 24, unafaulu kwa kupata 18, na hakuna swali hata moja linalopima lafudhi wala linalouliza kama unaita skonzi ‘cob’.

Sasa binti yetu. Wanaisimu Paul Kerswill na Ann Williams walichunguza watoto wa Milton Keynes, mji mpya ulioanzishwa mwaka 1967 na kujazwa watu wa kutoka kila upande. Watoto wa miaka minne walizungumza kwa kufuata wazazi. Wa miaka minane na kumi na miwili walikuwa wameshahama, wanazungumza kama rafiki zao. Kwa hiyo usemi wa Derby alio nao binti yako hakuuchagua ili awakimbie, wala nyinyi hamkumpa. Kaupata uwanjani, akicheza. Alama zile ambazo wewe unahangaika kuzielewa, yeye anazo zote bila kujua kwamba anazo. Na kama chai ilivyofanyika alama kwa kurudiwa, naye kwa miaka sita amekuwa akirudia England kila siku, kwenye ‘dinner’ ya shule, kwenye foleni, kwenye ‘sorry’. Alipojiita ‘English’ alikuwa anaeleza jambo la kweli kuhusu maisha yake.

Mwenzake naye hakulizua lile jibu, kalisikia nyumbani. ‘British’ ni jina la dola: linaandikwa kwenye pasipoti, na ofisi inaweza kukupa. ‘English’ haina pasipoti wala ofisi. Bunge lake peke yake halipo, wakati Scotland na Wales yalifunguliwa yao mwaka 1999. Kwa miaka mingi Waingereza wenyewe hawakujali tofauti hiyo: kwenye fainali ya Kombe la Dunia ya 1966 pale Wembley, mashabiki wa England walipepea bendera ya dola nzima. Ni kwenye mashindano ya Ulaya ya 1996, England ilipopangwa kundi moja na Scotland, ndipo msalaba mwekundu wa Mtakatifu George ulipojaa majukwaani. Kisha majira ya joto ya 2025 bendera hiyo ilitundikwa kwenye nguzo za taa katika miji mingi. Wapo waliotundika kwa kuipenda nchi yao, na wapo waliotundika ili watu kama wewe waione. Ukipita chini yake ukasikia ubaridi, hukosei kuusikia, lakini usiweke kila jirani mwenye bendera kwenye kapu moja.

Watu wanavyoijibu habari hii si thabiti kama wanavyojidai. Kwenye sensa ya 2011, England na Wales, waliojiita ‘English’ peke yake walikuwa asilimia 57.7. Mwaka 2021 wakawa 14.9, na ‘British’ peke yake ikapanda kutoka 19.1 hadi 54.8. Taifa halikubadilika moyo kiasi hicho ndani ya miaka kumi. Sehemu ya sababu ni kwamba kwenye fomu za England kisanduku cha ‘British’ kilipandishwa kikawa cha kwanza. Mamilioni ya watu waliweka alama mahali pa kwanza palipowafaa wakaendelea na kazi zao. Hata hivyo sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa: wapo ambao ‘English’ kwao ni rangi ya ngozi na kaburi la babu, na watu weusi na wenye asili ya Asia wengi huchagua ‘British’ kwa kuwa hapo hawaulizwi zaidi. Binti yako atakutana na hilo tena.

Mwambie hivi, kwa lugha ya umri wake: hakuna mtoto mwenye kazi ya kumgawia mwenzake uraia. Anaweza kuwa wa Derby, ‘English’, ‘British’ na wa Korogwe, na asilazimike kuchagua moja kwa ajili ya kumridhisha mtu. Akipenda mpira, msimulie Viv Anderson, mzaliwa wa Nottingham, wazazi wake Wajamaika, aliyekuwa mchezaji mweusi wa kwanza kuichezea timu ya wakubwa ya England, mwaka 1978. Alikuwa wa Nottingham Forest, jambo ambalo watu wa Derby watalisamehe kwa shida.

Kwa baba yake nina neno pia, na namheshimu kwa kuogopa anachokiogopa. Kiingereza cha mtoto hakiui Kiswahili. Kiswahili kinakufa kwa kukosa kazi ya kufanya. Kama lugha hiyo nyumbani inatumika kukaripia na kutuma tu, mtoto ataitoroka. Ipeni mambo yenye utamu: hadithi za usiku, utani, simu ya bibi kila Jumapili bila mama kutafsiri katikati. Akijibu kwa Kiingereza msimkemee, endeleeni kwa Kiswahili. Ugomvi wa "wewe ni wa wapi" mezani ndio utakaomchosha akaacha vyote. Uraia wa karatasi ni shauri tofauti: sheria ya Tanzania haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, hivyo kabla hamjajaza fomu yoyote kaeni na mwanasheria wa uhamiaji aliyesajiliwa, uso kwa uso, na karatasi zenu zote mezani.

Kuna mambo mawili ambayo mimi kwa maandishi siwezi kuyamaliza. La kwanza ni shule. Maneno ya mara moja kati ya watoto huongeleka nyumbani. Yakirudiwa, au yakihusisha rangi yake, omba kuonana na mwalimu wake wa darasa, ukiwa na tarehe na maneno yaliyosemwa umeyaandika. Shule za England zinatakiwa kisheria kuwa na utaratibu wa kuzuia uonevu, uliza wauonyeshe.

La pili ni ile barua, na hilo usilicheleweshe. Andika leo ulichokumbuka: maneno yale hasa ya meneja, saa, nani alikuwapo. Soma barua uone inataja muda wa kukata rufaa. Ukiitwa kwenye kikao cha nidhamu, sheria inakupa haki ya kuingia na mwenzako wa kazini au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Kama si mwanachama, Citizens Advice, shirika la kutoa ushauri kwa wananchi, wanapokea watu ana kwa ana bila malipo, na Acas, shirika la umma la masuala ya kazi, wana simu ya ushauri isiyodai ada. Waulize mahususi kama agizo lilikuwa wazi kiasi cha kuadhibiwa kwalo, na kama wenzako wazawa waliowahi kuacha chati hizo walipewa barua kama yako. Jibu la swali hilo la pili likiwa hapana, mambo yanaweza kuwa ya ubaguzi kwa asili ya mtu, jambo ambalo sheria ya usawa ya mwaka 2010 inalikataza, na muda wa kupeleka madai kwenye baraza la ajira ni mfupi, huanza kuhesabiwa tangu siku ya tukio.